Kujinyima Mchana, Kufakamia Usiku

Siku hizi mjini Kampala habari ya kupunguza unene imekuwa mazungumzo ya kila baraza. Maofisini hutajwa, sokoni Nakasero hutajwa, na hata ndani ya teksi ziendazo Ntinda na Kireka abiria husikika wakipeana mashauri ya namna ya kuondoa kitambi. Huyu ameacha sukari, yule ameacha matoke, mwingine hunywa maji ya ndimu alfajiri asile kitu hadi jua lizame. Sisi hatuna ugomvi na nia hiyo. Nia ni njema, na sababu zake tutazitaja. Lakini liko jambo moja linaloandamana na jitihada hizo ambalo halisemwi barazani wala ndani ya teksi, kwa kuwa hutendeka usiku, jikoni, watu wa nyumba wakiwa wamekwisha lala.

Mtu aliyeshinda na njaa kwa hiari yake, akijisifu moyoni kwamba leo ameweza, hufika nyumbani saa tatu ya usiku. Hula kidogo mbele ya wenziwe. Kisha, wote walalapo, huirudia sufuria. Huanza na kijiko kimoja. Hatimaye humaliza matoke yaliyobaki, mchuzi wa karanga, mkate uliowekwa kwa ajili ya chai ya watoto, na sukari yenyewe kwa kijiko. Hula upesi, bila ya kuonja, hata tumbo likauma. Halafu hukaa chini akajichukia. Asubuhi hujiwekea nadhiri kali kuliko ile ya jana, na usiku hushindwa vibaya kuliko alivyoshindwa jana.

Watu hao wamo miongoni mwetu. Ni makarani, walimu, wauguzi, mama wauzao vitenge Owino, wanafunzi wa Makerere. Wengi wao hawajapata kumweleza mtu yeyote jambo hili, hata mume au mke, kwa sababu hawajui kuwa lina jina wala kuwa lina tiba. Wao hudhani ni aibu yao peke yao.

Yafaa kwanza tutenge mambo mawili yasichanganywe. Kula sana siku ya kwanjula, pale luwombo inapofunguliwa na mvuke wa jani la mgomba ukapanda, si ugonjwa. Wala si ugonjwa kula sana Idi au Krismasi. Karamu ni karamu, na atakaye kuitia doa kwa hesabu za mafuta na wanga huyo hana adabu. Madaktari wanaposema juu ya ugonjwa wa kufakamia wana maana nyingine. Daktari mmoja wa Marekani, Albert Stunkard, aliandika mwaka 1959 juu ya wagonjwa wake wanene waliokuwa wakipatwa na vipindi vya kula chakula kingi mno kwa muda mfupi pasipo uwezo wa kujizuia. Ilipita zaidi ya miaka 50 kabla ya chama cha madaktari wa akili wa nchi hiyo kuuandika rasmi, mwaka 2013, kuwa ni ugonjwa unaojitegemea. Na Shirika la Afya Duniani limeuingiza katika orodha yake mpya ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022. Kwa mujibu wa maandishi yale ya mwaka 2013, dalili ni hizi: mtu hula kuliko watu wengine wangekula kwa muda ule ule, na huona kwamba mkono wake haumtii tena, hula upesi kupita desturi yake, hula hata pasipo njaa, hula hadi kuumia, hula peke yake kwa haya, na baadaye hujiona najisi. Jambo hilo likitokea angalau mara moja kila juma kwa muda wa miezi mitatu, si tabia mbaya tena, ni maradhi.

Wapo pia ambao baada ya kufakamia hujitapisha, au humeza dawa za kuharisha, wakidhani wamefuta walichokula. Huo ni ugonjwa mwingine, ndugu yake huyu, na una hatari ya karibu zaidi, kwa kuwa kutapika na kuharisha mara kwa mara hupunguza chumvichumvi za damu ambazo moyo huzihitaji ili upige sawasawa. Mwenye kufanya hivyo asingoje. Aende kwa daktari juma hili hili.

Lugha yetu haikumsaidia mgonjwa. Katika Kiswahili tunayo maneno ulafi, uroho na pupa. Waganda wana omululu. Yote ni maneno ya kuhukumu. Sisi katika makala haya tumechagua neno kufakamia, kwa kuwa lasema namna mtu alavyo, lisiseme yeye ni mtu wa namna gani. Mlafi kweli hula mbele za watu, hufurahia, na kesho hujisifu. Huyu tumsemaye hujificha, haionji ladha ya chakula, na hujuta kabla sahani haijapoa. Kumwita mlafi ni kumtia katika kundi lisilo lake, na kumfundisha kujificha zaidi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakueleza kuwa mara nyingi ni sisi majirani tuliomfanya ayafiche.

Sasa tuulize: kwa nini mtu mwenye akili zake, aliyeamua kwa dhati kupunguza chakula, ale usiku mmoja chakula cha siku mbili? Jibu la haraka ni kwamba hana nia thabiti. Jibu hilo ni la uongo, na ushahidi wake upo tangu mwaka 1945.

Mwishoni mwa Vita Vikuu vya Pili, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwachukua vijana wanaume 36 waliokuwa wamekataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri zao. Walichaguliwa kwa siha njema ya mwili na ya akili, nao walijitolea kwa hiari. Kwa majuma 24 walipewa chakula kipatacho karibu nusu ya walichokizoea, hata wakapoteza kama robo ya uzito wao. Kusudi la Keys lilikuwa kujua namna ya kuwalisha watu wa Ulaya walioteseka kwa njaa ya vita. Lakini aliyoyaona yanatuhusu sisi pia. Vijana wale, ambao hapo mwanzo hawakuwa na shida yoyote na chakula, walianza kukiota usiku na kukisema mchana. Walikusanya vitabu vya mapishi. Walilamba sahani. Baadhi yao walivunja masharti wakala kwa siri mjini, kisha wakarudi wakaungama kwa majuto. Na waliporudishiwa chakula, wapo waliokula hata wakaugua, tumbo limejaa, na bado wakasema wana njaa. Hali hiyo haikuisha kwa siku mbili tatu, ilidumu miezi.

Hawa walikuwa watu waliokubali kufungwa kambini kuliko kuvunja imani yao. Nani atathubutu kusema hawakuwa na nia thabiti? Njaa ndiyo iliyowafanya vile. Mwili wa binadamu haujui tofauti kati ya ukame wa Karamoja na karatasi ya mlo iliyobandikwa ukutani. Ukinyimwa hutafuta, na ukikipata chakula hufidia kwa haraka kabla hakijaondolewa tena. Kwa hiyo yule anayejinyima mchana kutwa hajengi nguvu ya kujizuia usiku, bali anautayarisha usiku huo kwa mikono yake mwenyewe.

Juu ya njaa ya mwili hukaa kanuni ya akili, nayo ni mbaya vile vile. Ajiwekeaye sheria ya kutokula chapati kabisa, siku aonjapo kipande kimoja husema moyoni: basi, siku imekwisha haribika, na nile zote, nitaanza upya Jumatatu. Jumatatu katika mji huu imetwishwa mzigo mkubwa mno wa nadhiri. Chapati moja haimnenepeshi mtu; zinazomnenepesha ni zile tano alizozila kwa sababu ameshakula moja.

Tazama sasa jinsi siku ya Kampala ilivyoundwa, utaona imekaa kama mtego. Mfanyakazi akaaye Mukono au Wakiso huondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili aitangulie misururu ya magari ya barabara ya Jinja. Hanywi kitu, au hunywa chai kavu. Adhuhuri wenzake waendapo kula kwa mama mpishi, yeye hubaki mezani kwake, nusu kwa ajili ya mlo wake wa kujipunguza, nusu kwa ajili ya kuokoa fedha ya karo. Na ni vigumu kwake mwenyewe kusema nusu ipi ni kubwa. Saa kumi na mbili jioni hushuka Wandegeya au huzunguka kituo cha zamani cha teksi, na hapo ndipo mji unapomngojea. Vijana wa rolex wamekwisha washa majiko, mayai yanapigwa, chapati zinakunjwa. Kuku wanazunguka ndani ya masanduku ya kioo. Gonja inaungua vizuri juu ya makaa, na moshi wa muchomo wa Kabalagala hauhitaji tangazo. Mtu huyu ana njaa ya saa kumi na tatu. Hununua rolex mbili, huzila ndani ya teksi gizani, na afikapo nyumbani hula chakula cha usiku kama kwamba hakula kitu, ili mtu asijue. Hesabu hiyo hakuna aiandikaye.

Nchi yetu pia ina historia yake na unene, na historia hiyo haijalala. Speke alipofika Karagwe mwezi wa Novemba 1861, pande ambazo leo ni za Tanzania, aliwakuta katika jamaa ya Mfalme Rumanika wanawake walionenepeshwa kwa maziwa hata kusimama kukawa taabu. Akawapima kwa kamba, akayaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1863. Miongoni mwa Bahima wa Ankole vile vile binti alinyweshwa maziwa kabla ya kuolewa. Hatusemi hayo ili kuwacheka wazee. Unene ulikuwa tangazo kwamba nyumba hii ina ng'ombe na binti huyu hatakufa na mtoto wake mwaka wa njaa. Mpaka leo mtu akutanapo na mwenziwe waliyepoteana naye hapa mjini humwambia ogezze, yaani umenenepa, na ni salamu ya heri. Lakini akimwambia okozze, umekonda, sauti hushuka.

Sauti hiyo ilishuka zaidi katika miaka ya 1980. Ugonjwa mpya ulionekana Rakai na Masaka, watu wakiyeyuka mbele ya macho ya jamaa zao, na wananchi wakaupa jina la silimu, neno lililotoka katika Kiingereza likiwa na maana ya wembamba. Mwaka 1985 madaktari wa hapa na wenzao waliuandika ugonjwa huo kwa jina hilo hilo katika jarida la kitabibu la London. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alipojitokeza hadharani akasema anao, watu waliutazama mwili wake kwanza kabla ya kuyasikia maneno yake. Alifariki Desemba ya mwaka ule ule. Nyumba nyingi za mji huu zilizika. Tangu hapo kukonda hakukuwa jambo la mtu binafsi. Kukawa ni habari iwezayo kuvunja uchumba na kufukuza wateja dukani. Dawa za sasa zimebadili mambo, mtu mwenye virusi huishi na kunenepa kama mwingine yeyote. Lakini jicho la jirani halikubadilika upesi kama dawa. Ndiyo maana ajipunguzaye mwili Kampala husukumwa na mikono miwili kwa pamoja. Daktari amemwambia punguza. Mama mkwe akimwona amepungua humpakulia mara ya pili, tena kwa machozi. Naye kwa kuogopa kuulizwa maswali hula mbele yao asivyotaka, kisha hujiadhibu kesho yake kwa kutokula, na usiku wa kesho hiyo tumekwisha usema.

Tuongeze na hili. Baada ya mwaka 1972 viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilidorora, na kwa miaka mingi sukari, chumvi na sabuni vikawa vitu vya kupangiwa foleni, magendo yakawa ndiyo biashara yenyewe. Waliolea watoto katika siku zile hawakuwafundisha kubakiza chakula sahanini, na walikuwa na haki. Mtoto yule leo ana umri wa miaka 50, ana friji, na mkono wake bado unakumbuka.

Sababu za kujipunguza ni za kweli, nasi hatutaki mtu asome makala haya akadhani twamwambia unene hauna neno. Daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi Uganda tangu miaka ya 1930 hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1950, alijulikana duniani kwa kitabu alichokitoa na wenzake mwaka 1954 juu ya kwashiorkor, ugonjwa wa watoto wakosao chakula cha kujenga mwili. Katika siku zake maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa adimu sana miongoni mwa Waafrika wa hapa, hata mwaka 1956 mgonjwa mmoja wa namna hiyo alistahili kuandikwa peke yake katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki. Leo jambo hilo lingemchekesha muuguzi yeyote. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa asilimia 24 ya wanawake wa Uganda wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi kiasi, na wanaume asilimia 9. Mulago bado ina wodi ya Mwanamugimu kwa watoto waliodhoofika kwa lishe duni, na kule Kiruddu wagonjwa wa kisukari na wa figo wamejaa. Nchi moja inauguza njaa na shibe kwa wakati mmoja.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2018 siku ya taifa ya mazoezi ya mwili ilianzishwa. Mapema mwaka 2020 Rais Museveni alieleza hadharani kwamba ameshuka kutoka kilo 106 hadi kilo 76, na Aprili ya mwaka huo, watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, alionekana katika filamu akifanya mazoezi ndani ya ofisi yake. Mfano huo ulivuta wengi. Hata hivyo kilo 30 zikitajwa kwa pumzi moja, msikilizaji husikia hesabu asisikie muda, naye hutaka azimalize kabla ya arusi ya Desemba. Na kwa upande wa pili, Februari 2019 waziri mdogo wa utalii Godfrey Kiwanda alikuwa amezindua shindano la wanawake wenye maungo manene ili wawe kivutio cha watalii, wanawake wengi wakakasirika, na kwa haki. Mwanamke wa Kampala asomaye magazeti ana ruhusa ya kuuliza: mwatutaka tuweje?

Katikati ya kelele hizo biashara imestawi. Zipo sauna za jioni, ambako watu huketi katika mvuke na kutoka wakiwa wepesi kwa kilo moja. Jasho hilo ni maji, na soda ya kwanza huirudisha kilo mahali pake. Sauna ina raha yake na mazungumzo yake, na sisi hatuikatazi, ila isiitwe dawa. Jambo zito ni vidonge na majani ya chai yauzwayo kwa ahadi. Dawa iitwayo sibutramini, iliyokuwa ikitolewa kupunguza hamu ya chakula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuwa ilizidisha hatari ya moyo na kiharusi, na baada ya hapo imegunduliwa mara kadhaa duniani ikiwa imechanganywa kwa siri ndani ya bidhaa zinazojiita za mitishamba. Auziwaye kopo lisilo na majina ya vilivyomo na akaambiwa ni la asili tupu, na alirudishe kwa mwenyewe.

Basi afanyeje huyu wa jikoni usiku?

Kwanza na ale mchana. Tunajua shauri hili litamshangaza, kwa kuwa amekwisha zoea kuona kwamba mlo asioula ndio ushindi wake. Lakini tiba ambayo imejaribiwa zaidi ya nyingine zote, ile iliyoendelezwa na Profesa Christopher Fairburn huko Oxford, huanza hapo hapo: milo mitatu kwa siku na vitafunio viwili au vitatu katikati, kwa saa zinazojulikana, isipite takriban saa nne mtu hajatia kitu tumboni. Kwa Kampala haina haja ya vyakula vya madukani vyenye bei za kutisha. Saa moja asubuhi sahani ya katogo ya kiasi. Saa nne ndizi mbivu. Saa saba posho na maharage na mboga za dodo. Saa kumi jioni, kabla ya kuondoka kazini, konzi ya karanga au kipande cha muhogo uliochemshwa. Na mlo huu mdogo ndio wenye thamani kuliko yote, kwa kuwa ndio upitao naye Wandegeya. Usiku chakula cha kawaida pamoja na watu wa nyumba. Asubuhi baada ya kufakamia asifunge ili kulipa deni. Ale katogo yake kama kwamba hakikutokea kitu. Hapo ndipo mnyororo unapokatika, na penginepo haukatiki.

Wako wasomaji watakaosema, nyumbani kwetu hatuna milo mitatu, achilia mbali vitafunio. Ni kweli, na kwao sisi hatuna la kuwafundisha juu ya kujipunguza; shida yao ni ya mshahara na ya bei ya posho, nayo tutaijadili kama ilivyo. Bali wapo wengi ambao chakula wanacho na wamekiogopa.

Pili, asiweke chakula chochote katika orodha ya haramu. Mwislamu na Mkristo wana makatazo yao na hayo hayaguswi hapa. Lakini mtu atakayejiapiza kutokula chapati milele katika mji wenye chapati kila kona amejitafutia ugomvi na mji. Afadhali aile Jumamosi, moja, akiwa ameketi, mbele ya watu.

Liko pia daftari. Senti chache hununua daftari la shule, na humo mtu huandika saa, alichokula, mahali alipokuwa, na alikuwa na jambo gani moyoni. Baada ya majuma mawili huanza kuona asiyoyajua: kwamba mikesha yake yote ya kufakamia iliangukia siku alizoruka chakula cha adhuhuri, au siku za mwisho wa mwezi, au zile ambazo msimamizi alimkemea mbele ya wenziwe. Wengine hula kwa huzuni na kwa upweke, si kwa njaa, na huyu dawa yake haipo katika sufuria wala katika mizani. Hamu yenyewe, ijapo, huja kama wimbi: hupanda, hufika juu, kisha hushuka hata kama hujaitii. Katika nusu saa hiyo na aende palipo na watu, amwogeshe mtoto, azungumze na jirani kibarazani. Upweke ndio mlango.

Watu wa nyumba nao wana kazi. Wasihesabu vipande vya nyama sahanini mwake, wasifungie kabati kwa kufuli, wasimtanie mbele ya wageni. Mkate ukikosekana asubuhi, anunuliwe mwingine pasipo kuitisha baraza. Mume amwonaye mkewe anakula kwa kujificha na amwambie maneno mepesi, kwa faragha: nimeona unateseka, tutafute mtu wa kuzungumza naye. Na mama mkwe, kwa heshima zote, aambiwe mapema na mtoto wake mwenyewe kwamba kukonda huku ni kwa shauri la daktari, ili alale.

Tiba ya mazungumzo tuliyoitaja hupatikana kwa wataalamu wa akili, na hapa ndipo penye uzito. Watu wengi wa mji huu wakisikia Butabika hufikiri juu ya kufungwa na kupiga kelele. Hawajui kuwa hospitali ile ina wagonjwa wa nje waendao na kurudi makazini mwao, na kuwa Mulago nako kuna madaktari wa fani hiyo. Kwa upande wao, wahudumu wa vituo vya afya humpima mgonjwa uzito, hutikisa kichwa, na humwambia apunguze kula. Yeye huitikia ndiyo, hutoka, na njiani huanza kujinyima. Kwa mgonjwa wa kisukari atumiaye insulini au vidonge vishushavyo sukari, kujinyima huko kwaweza kumwangusha barabarani kabla ya jioni.

Hatutadanganya juu ya mizani. Tiba ya kufakamia huponya kufakamia. Uzito mara nyingi haushuki sana kwa hiyo peke yake, ila huacha kupanda, na mtu hupata mahali imara pa kusimama ndipo aanze kutembea, kupunguza mafuta na soda, taratibu, kwa miezi na kwa miaka. Mpango ulio kinyume, wa uzito kwanza na usiku baadaye, wengi wameujaribu mara kumi.

Tungependa wakuu wa Wizara ya Afya, wanapotayarisha siku nyingine ya mazoezi, waongeze jambo dogo katika fomu zijazwazo kliniki. Mgonjwa huulizwa kama avuta sigara, huulizwa kama anywa pombe. Na aulizwe pia, kwa sauti ya chini na mlango umefungwa, kama hutokea akala hata akashindwa kujizuia, na kama jana alikula mchana. Swali hilo halihitaji mashine wala dawa kutoka ng'ambo. Lahitaji muuguzi mmoja asiyecheka.